Elimu Isiyotumiwa Huota Kutu

Ndugu msomaji, huenda wewe ni karani, dereva, au mama mwenye genge sokoni. Ukiulizwa habari ya kusoma, jibu lako li tayari: "Siku zangu zimepita, sasa ni zamu ya watoto." Kabla hujalirudia jibu hilo, yafaa uikumbuke milima ya Upare.

Ngujini imo katika milima ya Upare Kaskazini, wilayani Mwanga. Kabla ya Mwanga kuwa wilaya mwaka 1979, milima hiyo yote ilikuwa katika wilaya moja ya Pare. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha Pare, pamoja na Kilimanjaro, Tanga, Masasi, Ukerewe na Mafia, ikateuliwa kuwa miongoni mwa wilaya sita za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, kabla mwaka 1971 haujaisha. Kwa hesabu ya sensa ya 1967, watu wazima wawili kati ya kila watatu nchini walikuwa hawajui kusoma.

Wanakisomo wa siku zile hawakuwa na nafasi kukushinda wewe. Walikuwa wakulima, wazazi na wakwe za watu, wenye mashamba ya kupalilia na kuni za kutafuta. Walichokuwa nacho ni siku maalumu, saa maalumu na wenzao wa kuwangoja. Hapo ndipo tabia mpya huzaliwa. Mtu anayengoja mpaka apate nafasi, aghalabu haipati. Mtu aliyekwisha kuitenga saa yake, huifuata hata akiwa amechoka.

Tena kisomo kile kilikuwa na hatua nne. Aliyefika Hatua ya Tatu alikuwa amekwisha kujua kusoma na kuandika. Hatua ya Nne ilikuwa ya yule anayeutumia ujuzi wake kila siku: kusoma gazeti, kuandika barua, kuweka hesabu ya mapato na matumizi. Ndiyo maana mwaka 1974 likaanzishwa huko Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili aliyehitimu asikose cha kusoma.

Matunda yalionekana. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39. Ule wa 1986, hadi asilimia 9.6. Lakini madarasa yalipopungua na magazeti ya vijijini yalipoadimika, hali ilirudi nyuma. Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya watu wazima 20 katika kila 100 hawajui kusoma. Hilo ni onyo kwetu sote, hata wenye vyeti.

Wapare wana ndiva, yaani bwawa la kukinga maji ya mlimani. Kijito chembamba hulijaza usiku kucha, na asubuhi maji hufunguliwa kwenda mashambani. Lakini ndiva isiyozolewa tope huhifadhi maji machache, hata mvua ikinyesha. Kwa hiyo watu hutoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja, wakaisafisha. Elimu ya mtu mzima haina tofauti.

Basi, ndugu msomaji, fanya hivi. Kwanza, chagua jambo moja tu: hesabu za biashara, ushoni, lugha, au ufundi wa kazi yako. Pili, litengee nusu saa isiyohama, ikiwa ni baada ya chakula cha jioni au kabla ya kwenda kazini. Tatu, tafuta mwenzako mmoja, jirani au mfanyakazi mwenzio, mkaulizane kila juma mmejifunza nini. Nne, kitumie ulichojifunza kabla juma halijaisha. Ukijifunza hesabu, andika matumizi ya nyumba. Ukijifunza kushona, anza na sare ya mwanao.

Nawe baba, usimcheke mama anapofungua daftari. Shika mwiko ili apate nusu saa yake. Watoto wanaowaona wazazi wakisoma hawahitaji kuhimizwa kwa fimbo.

Cheti ulichokitia ndani ya fremu kinaeleza ulichokijua zamani. Unachokijua leo kitaonekana kazini mwako na nyumbani mwako. Jioni ya leo, mezani, amueni kila mmoja atajifunza nini, na saa ngapi.