Kengele za Nyumba Zisizo na Waya na Mvua ya Ziwani

Askari akiondoka jioni kwenda lindoni, nyumba yake hubaki na familia, na siku hizi pengine na kisanduku kidogo ukutani kinachotegemewa kupiga kelele mwizi akigusa mlango. Kisanduku hicho hakiunganishwi kwa waya. Kifaa kilichofungwa mlangoni hukipelekea habari kwa mawimbi ya redio, kama vile doria inavyokipelekea habari kituo chake.

Katika mtaa kama Mpumudde, mjini Jinja, ambako Ziwa Viktoria na mto Nile viko karibu, ngurumo nyingi hukusanyika juu ya ziwa usiku, na saa hizo ndizo anazozipenda mwizi. Kengele ikikosa kulia, lawama ya kwanza huangukia mvua. Lawama hiyo, kwa sehemu kubwa, si ya haki.

Kengele nyingi za aina hii hutumia masafa ya megahezi 433 au 868. Wimbi la megahezi 433 lina urefu wa karibu sentimeta 70, na tone la mvua ni milimeta chache tu. Wimbi hulipita bila kulijali. Mvua huanza kuyadhuru mawimbi kwenye masafa ya juu sana, kiasi cha megahezi 10,000 na zaidi, ndiyo maana picha ya televisheni ya dishi hukatika wakati wa dhoruba ilhali redio ya mkononi ya polisi inaendelea kusema.

Adui ni maji yaliyokwisha kutua. Ukuta wa matofali ulionyonya mvua ya wiki nzima hulimeza wimbi kuliko ukuta mkavu, na majani ya miembe yaliyolowa hufanya vivyo hivyo. Mlango wa mbao huvimba, ukakataa kufunga sawasawa, na sumaku ya kengele ikaachana na mwenziwe. Basi kengele inalia usiku kucha bila mwizi. Ikilia bure mara tano, jirani hatatoka kitandani mara ya sita. Hata polisi wanaoitwa huchoka.

Tena kuna chuma. Mabati, milango ya chuma na nondo za madirisha, vitu tunavyoviweka kwa ajili ya usalama, hulirudisha wimbi lilikotoka. Kisanduku kilichofichwa nyuma ya mlango wa chuma ni sawa na mtu wa mitambo aliyefungiwa ndani ya tangi. Wengine hukificha darini, chini ya mabati. Huko joto la mchana huila betri ya akiba: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake karibu nusu. Na betri hiyo inahitajika, kwani umeme hukatika hata kwa majirani wa bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954.

Radi ni jambo jingine. Mji wa Tororo, ulio mashariki ya Jinja, ulitajwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Radi si lazima iipige nyumba. Ikipiga nyaya za umeme barabarani, msukumo wake huingia hadi kwenye kisanduku na kukiunguza kimyakimya.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Vifaa vingi vya bei nafuu husema tu, havisikii. Hutuma habari mara moja bila kungoja jibu la "nimepokea". Kila askari aliyefundishwa mawasiliano anajua kwamba habari isiyojibiwa haijafika. Kwa kengele ya namna hiyo, ukimya waweza kuwa na maana ya usalama, na waweza kuwa na maana ya kifaa kilichokufa juzi. Zile za bei ya juu hujiripoti kila baada ya muda, na kisanduku hutoa onyo ripoti ikikosekana. Mwenye uwezo na anunue hizo.

Asiye na uwezo na aijaribu kengele yake mara moja kila wiki, na tena baada ya kila dhoruba, kuta zikiwa bado zimelowa na milango yote ya chuma imefungwa. Fundi aliyeifunga wakati wa kiangazi, milango ikiwa wazi, hakuijaribu.