Akili Unde Mezani pa Karani: Inavyofanya Kazi, Mipaka Yake na Haki Zako

Mkazi anaporipoti mtaro ulioziba au taa ya soko isiyowaka, huwa anataka kujua mambo mawili: ujumbe wake umemfikia nani, na kazi itafanywa lini. Jibu linaweza kuchelewa hata mafundi wakiwa tayari, kwa sababu ya safari ya ujumbe wenyewe. Karani anaupokea kwa simu, anaunakili kwenye daftari, anauingiza kwenye kompyuta, kisha anautuma kwa barua pepe kwa idara husika. Ukikwama mahali pamoja, huenda asijue mtu yeyote mpaka mkazi arudi kuuliza.

Tupige hesabu. Tuseme karani anapokea ripoti 40 kwa siku, na kila moja inamchukua dakika 6 kunakili na kutuma. Hizo ni dakika 240, yaani saa 4. Nusu ya siku imekwisha kabla hajampigia mtu yeyote simu kuuliza kama mtaro umezibuliwa.

Zamani, karani aliyetaka kazi kama hiyo ifanywe na kompyuta alilazimika kusubiri idara ya TEHAMA au kampuni ya nje imwandikie programu. Tangu programu za akili unde kama ChatGPT zilipowafikia watu wengi mwishoni mwa mwaka wa 2022, mambo yamebadilika. Mfanyakazi anaweza kueleza kazi yake kwa maneno ya kawaida, naye akasaidiwa kuunda mfumo mdogo unaojiendesha. Jambo hili linawahusu wafanyakazi wa kaunti, na pia walimu, makarani wa vyama vya ushirika na wenye maduka. Linamhusu zaidi mkazi, kwa kuwa ni ujumbe wake unaopita kwenye mfumo huo.

Kanuni ni tofauti na kukisia

Mfumo unaojiendesha ni mfululizo wa hatua: jambo fulani likitokea, kompyuta ifanye jambo lingine. Wengi wetu tunazijua hatua hizo tayari. Ukituma pesa kwa M-Pesa, ujumbe wa kuthibitisha unakuja wenyewe. Hakuna karani anayeuandika. Hiyo ni kanuni, na kanuni hutoa matokeo yale yale kila mara.

Akili unde ni kitu kingine. Inasoma maneno ambayo watu wameyaandika kwa njia yao, kisha inakisia maana yake kutokana na maandishi mengi sana iliyofunzwa nayo. Ndiyo maana inaweza kupokea ujumbe usio na mpangilio na kuuweka katika kundi lake. Lakini kukisia ni kukisia. Mkazi akiandika "maji yamejaa barabarani karibu na soko", je, ni bomba lililopasuka au ni mtaro ulioziba? Akiandika "stima imepotea sokoni", je, ni taa ya kaunti iliyoharibika au umeme umekatika mtaa mzima, jambo linaloihusu Kenya Power? Barabara iliyoharibika inaweza kuwa ya kaunti, au barabara kuu iliyo chini ya mamlaka ya kitaifa ya KeNHA. Karani mzoefu anajua au anauliza. Mashine isipoelekezwa inaweza kuchagua jibu moja bila kusita, na kulieleza kwa lugha ya kujiamini.

Kwa hiyo, panapotosha kanuni, tumia kanuni. Kutoa nambari ya ripoti, kuandika tarehe na kukumbusha idara baada ya siku 7 hakuhitaji akili unde. Akili unde ibaki kwa kazi ya kusoma maneno na kupendekeza.

Hatua za kuunda mfumo mdogo

Mfanyakazi asiye na ujuzi wa programu anaweza kufuata hatua hizi.

Kwanza, achague kazi moja inayojirudia na isiyo na madhara makubwa ikikosewa. Kupanga ripoti za taka kwa wadi ni mwanzo mzuri. Kuamua nani apate kibali cha biashara na nani akose si kazi ya kuanzia, wala si ya kuachiwa mashine.

Pili, aandike kazi hiyo kwenye karatasi kama anavyomfundisha karani mgeni: ripoti inaingilia wapi, nani anaisoma, anaamua kwa kuangalia nini, na inaishia wapi. Hapa ndipo mfanyakazi wa kawaida anapomzidi mtaalamu wa kompyuta. Yeye ndiye anayejua kwamba ripoti za soko huongezeka siku ya gulio, na kwamba kuna vituo viwili vyenye jina moja katika wadi tofauti.

Tatu, aandae fomu ya mtandaoni yenye maswali machache: mahali, tatizo na tarehe. Majibu yaingie yenyewe kwenye jedwali la kompyuta. Karani aendelee kuwajazia fomu hiyo wanaopiga simu au wanaofika ofisini, ili asiye na simu janja asiachwe nje.

Nne, aipe akili unde maagizo yaliyo wazi. Kwa mfano: "Soma ripoti hii. Chagua idara moja kati ya hizi tano. Kama huna uhakika, andika 'karani aangalie'. Usibuni mahali wala tarehe ambayo haikutajwa." Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye uzito zaidi, kwa kuwa zinaipa mashine ruhusa ya kusema haijui.

Tano, aijaribu kwa ripoti za zamani ambazo majibu yake yanajulikana, angalau 30, baada ya kuondoa majina na nambari za simu. Asihesabu makosa tu. Aangalie ni ya aina gani. Ikiwa ripoti za Kiswahili sanifu zinapangwa sawasawa lakini zile za Sheng au za lugha ya mama zinakosewa, basi mfumo utawachelewesha wakazi hao hasa. Wajumbe wa aina hiyo waendelee kusomewa na mtu.

Sita, kwa wiki za kwanza mashine ipendekeze tu, na karani ndiye abonyeze kitufe cha kutuma. Kila Ijumaa achukue ripoti chache bila kuchagua na kuzikagua. Saa zilizookolewa zitumike kupiga simu na kufuatilia kazi. Zisipotumiwa hivyo, mkazi hatakuwa amefaidika.

Mashine ikikosea, ofisi ndiyo inayojibu

Mnamo Oktoba 2023, jiji la New York lilizindua kisaidizi cha akili unde cha kuwajibu wenye biashara maswali kuhusu sheria za jiji. Machi 2024, wanahabari walifichua kwamba kisaidizi hicho kilikuwa kikitoa majibu yaliyo kinyume cha sheria. Kiliwaambia waajiri kwamba wanaweza kuchukua sehemu ya bakshishi ya wafanyakazi wao, na kwamba duka linaweza kukataa pesa taslimu, ilhali sheria ya jiji hilo inalazimu maduka kuzipokea. Mfanyabiashara aliyefuata ushauri huo angejikuta matatani akiwa na jibu kutoka kwa jiji lenyewe.

Nchini Kanada, abiria aliambiwa na kisaidizi cha mtandaoni cha shirika la ndege la Air Canada kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli ya msiba baada ya kusafiri. Shirika lilipokataa kumlipa, lilidai kwamba kisaidizi hicho kinajibika chenyewe kwa kilichosema. Februari 2024, baraza la kusikiliza mizozo katika mkoa wa British Columbia lilikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe.

Funzo ni moja. Neno la mashine ni neno la ofisi. Hivyo basi, karani asiache akili unde imjibu mkazi moja kwa moja kuhusu ada, leseni au sheria. Iandike rasimu, naye aisome akiwa na mwongozo wa kaunti mbele yake.

Data ya mkazi si ya kujaribia

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda data ya kila mtu, na habari za afya zimo katika kundi linalohitaji ulinzi wa juu zaidi. Mfanyakazi anayebandika orodha ya wagonjwa wa zahanati au nambari za vitambulisho kwenye programu ya bure ya akili unde anaweza kuwa amezipeleka kwa kompyuta zilizo nje ya nchi, bila mwenyewe kujua wala kukubali. Data ikivuja na kuwaweka wakazi hatarini, ofisi iliyokuwa ikiishika inatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipogundua.

Kanuni rahisi ni hii: mashine ipewe kile tu inachohitaji. Ili kujua kwamba mtaro umeziba, haihitaji jina wala nambari ya simu ya aliyeripoti. Hizo zibaki kwenye jedwali la ofisi. Programu itakayotumiwa iwe imeidhinishwa na idara ya TEHAMA, na akaunti iwe ya ofisi, si ya mfanyakazi binafsi.

Akaunti ya ofisi ina faida nyingine. Karani akihamishwa au kustaafu, mfumo hauendi naye. Aache ukurasa mmoja unaoeleza mfumo unafanya nini, unasoma jedwali lipi, na unazimwa vipi. Mwenzake mmoja awe anaujua pia. Siku mtandao unapopotea, daftari lirudi mezani na kazi iendelee.

Haki zako kama mkazi

Ukishughulikiwa na ofisi inayotumia mifumo hii, una haki zifuatazo.

Uamuzi unaokugusa sana hautakiwi kufanywa na mashine pekee, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa katika kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data. Hata katika hali hizo, unapaswa kuarifiwa kwa maandishi, nawe unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka, halali na za busara. Hatua ikiathiri haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. "Kompyuta imekataa" si sababu.

Ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ombi lako linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Usiporidhika, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman. Malalamishi kuhusu matumizi ya data yako hupelekwa kwa Kamishna wa Data.

Nawe unaweza kurahisisha kazi ya karani, awe na mashine au asiwe nayo. Andika tatizo moja katika kila ujumbe. Taja wadi, kijiji au mtaa, na kitu kinachojulikana kilicho karibu, kama shule au kituo cha bodaboda. Sema tatizo lilianza lini. Kisha omba nambari ya ripoti na uihifadhi. Ukipita muda ulioambiwa bila jibu, rudi na nambari hiyo kwa msimamizi wa wadi, na uulize jina la mtu anayeishughulikia.