Kulipa Deni la Kadi si Matumizi

Aghalabu mwanafunzi wa somo la biashara hufunzwa leja kwa mifano ya fedha taslimu na hundi. Kadi ya mkopo hupitiwa juu juu. Kijana huyo akiajiriwa na kuketishwa mbele ya kompyuta yenye programu ya hesabu, hujikwaa penye jambo ambalo msingi wake alikwisha kuusoma.

Natuchukue mwenye duka la vitabu mjini Nakuru. Tarehe 20 Desemba ananunua kwa kadi wino na karatasi za kutumia ofisini, shilingi 18,000. Januari benki inamdai naye analipa. Je, matumizi hayo ni ya mwezi gani? Wapo wanaoyaandika Januari, siku fedha zilipotoka benki. Basi hesabu za mwaka zikifungwa tarehe 31 Desemba, faida huonekana kubwa kuliko ilivyo. Wapo pia wanaoandika siku ya kununua na siku ya kulipa, shilingi 18,000 zikawa 36,000. Hao huipunguza faida, na kodi pamoja nayo, bila hata kukusudia. Mkaguzi wa kodi naye hatauliza nia.

Waama, kadi ya mkopo ni deni. Katika programu kama QuickBooks hufunguliwa akaunti ya kadi peke yake, nayo huwekwa katika fungu la madeni. Siku ya kununua, matumizi huongezeka na deni huongezeka. Siku ya kulipa, fedha za benki hupungua na deni hupungua, matumizi hayaguswi. Riba na ada za benki ndizo matumizi mapya. Sukari ya nyumbani iliyonunuliwa kwa kadi hiyo hiyo haiwi gharama ya duka hata kidogo, bali huhesabiwa kuwa mali aliyojichukulia mwenye duka.

Kanuni hii ya kuandika kila jambo pande mbili ilielezwa na mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494. Kompyuta haikuibadili. Imeificha tu nyuma ya vitufe, na programu nyingi humkubalia mtu karibu kila anachobonyeza.

Fauka ya hayo, karatasi itokayo katika mashine ya kadi si ushahidi wa kutosha. Tangu tarehe 1 Januari 2024, sheria ya Kenya inataka matumizi ya biashara, isipokuwa machache yaliyosamehewa, yawe na ankara ya mfumo wa eTIMS ndipo yaondolewe katika mapato yanayotozwa kodi.

Mwalimu asiye na kompyuta hata moja anaweza kulifunza hili kwa chaki. Achore ubaoni akaunti tatu: ya matumizi, ya kadi na ya benki. Kisha abuni taarifa ya kadi yenye ada ya shilingi 250 isiyomo vitabuni, awaachie wanafunzi waitafute.