Je, Wajua? Barua Pepe Ikitoka Kariakoo

Upo dukani Mtaa wa Aggrey, umebofya kutuma oda ya Guangzhou. Je, wajua seva zinaamkiana kwanza? Ndiyo, ndugu yangu! Inayotuma inasema EHLO, inayopokea inaitikia kwa namba 250, ndipo mzigo unashushwa.

Na barua yote inafungwa na nini? Nukta moja, imekaa peke yake kwenye mstari! Seva ikiiona tu, inajua umemaliza. Mtaalamu wa kompyuta Jon Postel aliandika utaratibu huo Agosti 1982, na unapiga kazi mpaka leo.

Sasa sogea karibu. Kwa miaka 17 utaratibu huo haukuwa na njia rasmi ya kuficha maneno. Barua ilipita wazi kama postikadi. Mwaka 1999 likaja neno moja tu: STARTTLS. Seva moja ikilitamka na ya pili ikikubali, yote yanayofuata yanageuka fumbo. Ya pili ikiwa hailijui? Mara nyingi barua inakwenda hivyohivyo, wazi! Ndiyo maana tangu 2016 Gmail humwonyesha mtumaji kufuli jekundu lililofunguka. Litazame, tafadhali, kabla hujaandika namba ya akaunti.

Tena fumbo hilo ni la kutoka seva hadi seva. Kila inayopokea inalifumbua, inaandika jina lake na saa, kisha inalifumba upya na kusukuma mbele. Huamini? Fungua maelezo kamili ya barua yoyote, tafuta mistari ya "Received", usome kutoka chini kwenda juu. Safari nzima hiyo hapo!

Hili linanifurahisha kuliko yote. Enzi za setilaiti, kabla watoa huduma wetu wa intaneti hawajakutanishwa na kituo cha TIX hapa Dar, barua ya Kariakoo kwenda Posta, mwendo wa daladala moja, iliweza kupanda kilomita 36,000 angani, ikatua ughaibuni, halafu ikarudi mjini. Julai 2009 ikafika SEACOM, mkongo wa kilomita 17,000 chini ya bahari!

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ikakatika baharini, intaneti ikayumba nchi nzima. Barua zilizokwama? Seva haizitupi, bwana. Inazipanga foleni na kujaribu tena na tena. Kanuni inaipa siku 4 hadi 5 kabla ya kukurudishia.