Mvua ya Chembe Katika Vilindi vya Bahari

Vijimea vya baharini vilivyokufa, vinyesi vya wanyama wadogo na vumbi lililoletwa na upepo hushikamana na kuzama usiku na mchana. Je, mvua hii hupimwaje mahali ambapo maji yana kina cha kilometa nne?

Chombo kinachotumika huitwa mtego wa chembe. Ni faneli kubwa iliyofungwa kwenye kamba ndefu. Chini, kamba hushikwa na nanga. Juu, huvutwa na maboya yaliyozamishwa ili yasisukwesukwe na mawimbi. Chini ya faneli vimepangwa vikombe vyenye dawa ya kuzuia uozo, na mota huvibadilisha kwa zamu. Meli irudipo baada ya miezi kadhaa, hupeleka ishara ya sauti majini. Kamba hujifungua kutoka kwenye nanga, na mtego huibuka.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mdomo wa faneli una eneo la meta mraba 0.5, na kikombe kimekusanya gramu 0.28 kwa siku 14. Tukigawanya 0.28 kwa 0.5, kisha kwa 14, tunapata gramu 0.04, yaani miligramu 40 kwa kila meta mraba kwa siku.

Mwaka 1978 mtaalamu Werner Deuser wa taasisi ya Woods Hole, Marekani, alianza kupima hivyo karibu na Bermuda, katika Bahari ya Sargasso, kwenye kina cha meta 3,200. Ilidhaniwa kwamba vilindi havijui majira. Kumbe mvua ya chembe iliongezeka na kupungua kwa kufuata ustawi wa vijimea vya juu! Kijimea kimoja peke yake kingechukua miaka kuzama. Vikishikamana, hufika kwa majuma machache. Katika Bahari ya Uarabuni nako, vipimo vilivyoanza mwaka 1986 vilionyesha kwamba chembe huzidi wakati wa Kusi, na tena wakati wa Kaskazi.

Kwa nini tujali? Vijimea hujijenga kwa kaboni itokanayo na kaboni dayoksaidi, gesi inayozidisha joto duniani. Sehemu kubwa ya chembe huliwa au kuoza njiani. Ile kaboni chache inayofika vilindini hukaa mbali na hewa kwa mamia ya miaka. Lakini mwaka mmoja haufanani na mwingine. Ndiyo sababu kipimo cha msimu mmoja hakitoshi kutuambia kama bahari inabadilika. Hupaswa kurudiwa kwa makumi ya miaka, mahali palepale.