Regina Mundi: Kanisa Lenye Matundu ya Risasi

Kanisa la parokia ya Kikatoliki la Regina Mundi, Soweto, Afrika Kusini, ni kubwa, ingawa kwa nje halina urembo mwingi. Wakati wa ubaguzi wa rangi, mikutano ya kisiasa ilipopigwa marufuku, watu walikutana humo. Mara nyingi ibada ya mazishi ndiyo iliyokuwa mkutano wenyewe. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliofukuzwa na polisi walikimbilia humo. Polisi waliwafuata hadi ndani wakafyatua risasi. Matundu yangali yanaonekana darini, na altare ya marumaru ingali na pembe iliyovunjika.

Humo imo pia picha ya Maria Mweusi, iliyochorwa na Larry Scully mwaka 1973. Chini ya mama na mtoto kuna jicho kubwa, na mboni yake ni Soweto. Sisi Walutheri tumezoea kuzipita haraka picha za namna hii, ijapokuwa Luther mwenyewe, mwaka 1522, aliwapinga waliovunja sanamu makanisani Wittenberg.

Katika miaka ya 1990 Tume ya Ukweli na Maridhiano iliketi humo, na watu wakasimulia mateso yao chini ya dari ile ile.