'Mashine imeharibika': Mtenda yuko wapi?

Nisomapo ripoti za ofisini, hukutana mara kwa mara na sentensi hizi: 'Mashine iliharibika', 'Fedha zilitumika vibaya'. Hebu tujiulize, mpenzi msomaji, mtenda kaenda wapi?

Kauli ya kutendeka, yenye viambishi kama -ik- na -ek-, huonyesha hali ya kitu bila kumtaja mtenda. Kauli ya kutendwa humwachia nafasi: 'Kikombe kimevunjwa na Juma.' Ukisema 'kimevunjika na Juma', sarufi inakataa katakata.

Sisemi kauli hii ni mbaya. Gilasi ikipasukia kabatini yenyewe, 'imevunjika' ndilo neno la haki. Kumsaka wa kulaumiwa ni dhuluma. Shida huja pale mtenda anapojulikana, naye akajificha nyuma ya kiambishi. Lawama haipotei hivi hivi. Aghalabu humwangukia mnyonge: mfagizi, tarishi au kibarua asiyealikwa mkutanoni.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika 'imeharibika', jiulize: je, iliharibika au niliiharibu? Tofauti ni silabi chache tu, ila zaweza kumwokolea mwenzako kibarua chake.